Chuma Kinachokimbia Shambani kwa Nesi

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na kama redio isingefunguliwa kwa sauti ya juu ili kupima spika mpya, huenda isingesikika kabisa. Mtangazaji alisema kwamba mkulima mmoja wa mbali, akitumia mashine ya kutafutia chuma ardhini, amechimbua kofia mbili za chuma za wanajeshi wa zamani, chupa ya maji ya askari na vifungo kumi na vinne vya shaba. Vyote vilikuwa katika shamba lake mwenyewe, chini ya zizi la mbuzi. Kisha zikafuata habari za mvua.

Kwenye benchi lililo mbele ya vibanda vitatu vya mafundi, hakuna aliyezisikiliza habari za mvua.

"Vifungo kumi na vinne," alisema Wembe. "Huyo askari alirudi kwao ameshika suruali kwa mkono."

Wembe ni kinyozi, lakini jina hilo hakulipata kwa kunyoa. Alilipata kwa ulimi. Yeye hukaa katikati ya benchi, kwa sababu aliye katikati husikika pande zote mbili. Kulia kwake hukaa Waya, fundi redio, mdogo kuliko wenzake na mtu asiyetupa kitu: kibandani kwake kuna pasi zisizopiga pasi, feni zisizozunguka na simu za marehemu. Kushoto, karibu na vumbi la ngozi, hukaa Soli, fundi viatu, ambaye ametia soli viatu vya mtaa mzima hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Kahawa yao huja na chupa kutoka kwa mke wa Waya, na meza yao ni mguu wa chuma wa Soli, kile chuma kizito chenye umbo la unyayo ulioelekezwa juu, ambacho fundi hukivisha kiatu ili akigonge vizuri. Soli akiwa hana kiatu cha kugonga, vikombe hutuliwa hapo. Na Soli hugonga sana, maana haamini gundi. Kila kiatu kinachopita mikononi mwake hutoka na misumari kuzunguka soli na kipande cha chuma kisiginoni. Husema gundi ni ahadi, msumari ndiyo ndoa.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa kimya, na ukikaa na fundi viatu miaka ishirini na mbili unajua kuusoma ukimya wake kwa mapigo ya nyundo. Yalikuwa ya haraka.

"Haya, sema," Wembe akamwambia. "Naona inakutoka puani."

"Sijasema neno."

"Ndiyo maana nakuambia useme. Tukusikilize mara moja ipite, turudi kwenye mazungumzo ya watu wazima."

Soli akaweka nyundo chini. "Baba yangu alikuwa jeshini."

Waya na Wembe wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: "Na vitu vyake alivifukia chini ya dirisha."

Wakacheka wote watatu, na Soli akacheka nao, maana hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa pale mara nyingi kuliko redio ilivyotangaza mvua. Ilikuwa hivi. Enzi za ile vita kubwa ya wazee, baba yake Soli alichukuliwa, akakaa huko miaka minne, akarudi mzima. Hakusimulia. Alichowaonyesha watu ni namba tu, 417, na namba hiyo aliichonga kwenye kila alichomiliki: mpini wa jembe, ndoo, kigoda, fremu ya mlango, hata kitako cha sufuria. Mtu akimuuliza, anasema ilikuwa namba yake. Akiulizwa namba ya nini, anasema ya huko. Vitu vyake vya huko alivifukia chini ya dirisha la nyumba, akamwambia mwanawe asivichimbe mpaka yeye awe ameondoka duniani.

"Mimi nimeshawaambia," alisema Wembe, akifuta meno ya kitana chake kwa shati. "Mwanajeshi anarudi na medali. Anayerudi na namba tupu ametoka jela."

Aliisema kwa utani, kama alivyoisema siku zote, na Soli akatabasamu, kama alivyotabasamu siku zote. Lakini neno hilo alikwenda nalo nyumbani kila jioni. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kulisimulia benchini. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda kwa baba yake, akamwambia kwamba amepata mahali pa kujifunza ufundi wa viatu. Mzee alimtazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kigoda akakaa, akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Nenda mwanangu. Mungu anajua kucheka." Hakueleza zaidi. Soli alikwenda, akawa fundi, akalea watoto watano kwa nyundo hiyo, lakini kicheko kile alikibeba miaka arobaini na minane. Alikielewa kwa namna moja tu: mzee aliyewahi kushika bunduki aliona aibu kuzaa mtu wa kushika viatu vya wenzake.

Baba alipofariki, Soli alichukua sepetu mara mbili akasimama chini ya lile dirisha, na mara zote mbili akairudisha sepetu ukutani. Ardhi ikiwa imefungwa, mzee anabaki mwanajeshi. Ikifunguliwa ikakutwa tupu, atabaki nani? Baadaye nyumba ilianguka, na kiwanja akamuuzia mwanamke ambaye mtaa humwita Nesi.

"Mzee wangu," Waya akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Unajua kama Jumatatu Nesi anamwaga zege pale?"

"Pale wapi?"

"Palepale penye nyumba yenu. Anamjengea binti yake. Juzi nilikwenda kupima nyaya, nikakuta kamba za msingi zimeshavutwa. Mchanga unaletwa leo saa kumi."

Soli alichukua nyundo akapiga msumari uliokuwa mbele yake. Akapiga na kidole gumba.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, na yalimwaga vikombe viwili. Wembe alishikilia kwamba zege ni rehema, kwa kuwa litaizika hadithi moja kwa moja na benchi litapumua. Waya alisema zege likishamwagwa hata serikali haitalichimba. Kisha akaingia kibandani kwake, vitu vikaanguka, akatoka na mpini wa ufagio wenye mfuniko wa sufuria upande mmoja na redio ndogo upande wa pili, umezungushwa waya wa shaba kama kidonda kilichofungwa na mtu mwenye huruma kupita kiasi. Alikuwa ameitengeneza mashine hiyo, alisema, kutafutia mabomba ya maji yaliyopotea. Akaipitisha juu ya mguu wa chuma. Ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Kwa chuma kikubwa hivyo hata mimi ningelia," alisema Wembe. "Haya, tufanye jambo la wanaume. Twende. Tukikosa, Soli, hadithi hii haisikiki tena hapa benchini mpaka tuzikwe. Si baba, si dirisha, si namba."

"Na tukipata?"

Wembe akafikiri kidogo. "Tukipata kitu cha jeshi cha baba yako, nitasimama mbele yake nipige saluti, na neno la jela nitalimeza bila maji."

Soli alitazama mikono yake. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, ombi fupi, kwamba asiaibishwe mzee. Kisha akavaa koti, akafunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona.

Nesi aliwakuta langoni kabla hawajabisha hodi. Ni mwanamke wa miaka sabini, mstaafu wa hospitali, mwenye saa ndogo iliyobanwa kifuani kama alivyoizoea kazini. Shambani kwake hutembea pekupeku. Ndara zake huziacha langoni, kwa sababu anasema udongo ni kitu alichopewa na Mungu na anapenda kuujua ulivyoamka. Amewapiga sindano wote watatu kwa nyakati tofauti, na kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeweza kumtazama machoni akajiona mkubwa.

"Mmekuja kuomba, au mmekuja kunijulisha?"

"Kuomba, mama," alisema Soli.

"Hapo sawa. Maana redio nimeisikia hata mimi, na nilijua leo kuna watu watageuka fuko."

Akawasikiliza mpaka mwisho. Soli alijaribu kueleza kwa maneno machache, lakini alipofika kwenye dirisha akaanza kufunga na kufungua vifungo vya koti, na Nesi akageuka akajifanya anafunga lango. Kisha akatoa masharti. Shimo linalochimbwa lifukiwe. Miche iliyo ng'ambo ya kamba isiguswe. Kitakachokuwa cha mzee ni cha Soli, na kingine chochote kitakachotoka katika ardhi yake ni chake, hata kiwe kijiko. Na saa kumi lori la mchanga likipiga honi, kazi imekwisha.

"Na mkikuta bomu?"

"Hakuna bomu, mama," alisema Waya.

"Sikuuliza kama lipo. Nimeuliza mkilikuta."

"Tutakimbia," alisema Wembe.

"Hamtakimbia. Mtaondoa mikono, mtatoka polepole, na mimi nitapiga simu polisi. Semeni."

Wakasema kwa sauti, kama wagonjwa wanaorudishiwa maelezo ya vidonge. Alipoona wamekariri, akawaambia wainamishe vichwa. Aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa ardhi na kwa waliolala ndani yake, akamwombea Soli utulivu wa moyo, akamwombea Waya akili ya kumaliza jambo moja kabla ya kuanza lingine, na akamwombea Wembe mambo mengi, yote kuhusu ulimi. Wembe alifumbua jicho moja kuona kama anatazamwa. Alikuwa anatazamwa.

Kiwanja cha kutafuta hakikuwa kikubwa, hatua kumi kwa kumi na mbili, kati ya tangi la maji na uzio, ndani ya kamba nyeupe za msingi. Tatizo ni kwamba nyumba haikuwapo tena, na dirisha lisilo na ukuta ni gumu kulipata. Soli alisimama hapa akasema lilikuwa hapa, kisha akasimama pale akasema au hapa. Wembe alitaka kujua kama dirisha hilo lilikuwa na miguu.

Waya akavaa mashine begani, akaanza kuupitisha mfuniko juu ya udongo. Wenzake wawili wakambana kulia na kushoto, vichwa vimeinama, viatu vikikaribia mfuniko kama kuku wanaosubiri kumwagiwa punje. Hatua ya pili tu, mashine ikalia.

Soli alishika kifua. Wembe, ambaye hakuwa anaamini lolote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyakua sepetu. Wakachimba mpaka magotini. Hakuna kitu. Waya akainama akashusha mfuniko ndani ya shimo. Kimya.

"Kimezama," alisema Waya.

"Kimezama vipi? Ni chuma, si samaki."

Wakachimba tena hadi mapajani, kimya. Wakasogea kando kushauriana, wakiwa wamejikusanya kuizunguka mashine, na palepale walipojikusanya ikalia tena. Wakachimba hapo. Hakuna kitu. Wakahamia karibu na tangi, ikalia. Wakachimba. Karibu na uzio ikalia mara mbili, wakachimba mashimo mawili kwa wakati mmoja, na Waya akakatwa na mzizi. Mvuke ulikuwa unawatoka migongoni. Ilipofika saa nane walikuwa na mashimo tisa, na chuma kilikuwa kila mahali mpaka unapokichimba.

"Bwana, sasa naamini," alisema Wembe, ameegemea sepetu. "Hiki kitu ni cha jeshi kweli. Kinakimbia. Baba yako alifukia kikosi kizima na bado kinarudi nyuma kwa mpangilio."

Waya alisema inawezekana kuna madini. Wembe akasema inawezekana kuna ujinga, na umo kwenye mpini wa ufagio. Wakabishana mpaka Waya akatishia kurudi nyumbani na mashine yake, na Wembe akamwomba auache angalau mfuniko, maana mkewe anautafuta.

Soli hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo la tisa, na jua lilikuwa limeshageuka. Sasa ardhi ilikuwa imefunguliwa. Kile alichokiogopa miaka yote kilikuwa wazi mbele yake, mashimo tisa matupu. Alijiuliza kwa nini hakuiacha hadithi iende na zege, ibaki nzima. Akachimba la kumi kwa sababu mashine ililia. Akachimba la kumi na moja kwa sababu asingechimba angelazimika kusema kitu.

Saa tisa na nusu Nesi akaja na birika la maji. Aliyatazama mashimo moja baada ya jingine, namna daktari mkuu anavyopita wodini.

"Nimeombwa shimo," akasema. "Sikumbuki kuombwa makaburi."

"Mama, tusamehe," alisema Soli, akainuka. "Tutayafukia. Nilidhani... Basi. Yatosha."

Wembe alifungua mdomo kusema kitu, akamwona Soli usoni, akaufunga. Waya alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nesi aliweka birika chini. "Kabla hujakata tamaa, nipe hicho kifaa nikione. Mimi nimeshika vifaa vibovu kuliko hicho na watu wakapona."

Waya akamvisha. Nesi akatembea nacho peke yake, pekupeku, taratibu, kutoka tangini hadi kwenye uzio. Kimya. Akarudi. Kimya. Akapita palepale walipopigiwa kelele wao. Kimya kabisa. Waya akasema lazima betri imekwisha, akamsogelea aikague, na alipomfikia mashine ikalia.

Nesi akarudi nyuma hatua mbili. Ikanyamaza. Akamwita Wembe kwa kidole. Wembe akaja, ikalia. Akamwambia arudi. Ikanyamaza. Nesi akainamisha macho polepole mpaka yakafika chini, yakabaki huko.

"Viatu hivyo alivitengeneza nani?"

Wote waligeuka kumtazama Soli, na Soli alikuwa anajitazama miguuni.

"Kisigino hicho kina misumari mingapi, baba?"

"Saba," alisema Soli. "Na kipande cha chuma."

"Kimoja?"

"Kila mguu. Na kuzunguka soli kumi na nane. Ishirini kwa Wembe. Anatembea vibaya."

Wembe akakaa chini. Alivua kiatu kimoja, akakisogeza kwenye mfuniko, mashine ikalia. Akakiondoa, ikanyamaza. Akafanya hivyo mara tatu kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. "Tangu asubuhi," akasema, "tumechimba visigino vyetu wenyewe."

"Ndiyo maana kilikuwa kinakimbia," alisema Waya.

"Kilikuwa kinakimbia kwa sababu tulikuwa tunatembea. Soli, ndugu yangu, siku ile nilikuomba gundi. Nilikuomba kwa heshima."

Cheko likaanzia kwa Nesi, ambaye watu huwa hawamwoni akicheka, na hakuna aliyeweza kulizuia. Hata Soli alicheka, aibu na fahari zikiwa zimechanganyika, kwa kuwa hakuna hata msumari mmoja uliokuwa umelegea baada ya mashimo kumi na moja. Kisha Nesi akatazama saa ya kifuani.

"Dakika ishirini. Vueni viatu."

Wakavirusha ng'ambo ya lango, jozi tatu. Nesi akampa Soli mashine mikononi mwake, akatembea kando yake. Sasa ardhi ilikuwa imenyamaza, na katika ukimya huo Soli alisikia ubaridi wa udongo kwenye nyayo, udongo aliozaliwa juu yake. Miguu ikakumbuka kabla ya kichwa. Hapa palikuwa na mteremko mdogo ambapo maji ya bafuni yalitokea. Basi jikoni kulikuwa huku. Basi kitanda cha baba kilikuwa pale. Akageuka kushoto hatua nne, mahali ambapo hawakuwa wamegusa hata kidogo, akashusha mfuniko.

Ukalia. Wote walikuwa pekupeku, na ukalia.

Wakachimba kwa zamu bila utani. Sepetu ikagonga kitu kigumu, na Nesi akaamuru mikono itumike, polepole. Wembe alilala kifudifudi akawa anaupangua udongo kwa vidole vya kinyozi, laini, mpaka kikatokeza kitu cheusi, cha mviringo mbele, chembamba katikati, kipana nyuma. Wembe aliacha kupangua.

"Mguu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mguu wa nini?"

"Wa mtu. Jamani, kuna mguu wa mtu hapa. Unyayo umeangalia juu."

Waya alikuwa ameshafika kwenye tangi, na hakuna aliyemwona akienda. Nesi akainama, akasogeza uso. "Miaka thelathini nimeshika miguu ya watu," akasema. "Huu hauna vidole."

Soli alishuka shimoni. Hakuugusa mara moja. Akapiga magoti, akaulaza mkono wake juu yake kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala, na mkono ukakaa mahali pake bila kutafuta, kwa sababu ndipo ulipokaa kila siku kwa miaka arobaini na minane.

"Wembe," akasema. "Asubuhi kikombe chako kilikuwa juu ya nini?"

Wembe alitazama shimoni. Akatazama tena.

Wakautoa mguu wa chuma. Chini yake kulikuwa na mabaki ya sanduku la bati, na humo kichwa cha nyundo, donge la misumari midogo iliyoshikana kwa kutu, vipande vya chuma vya visigino zaidi ya mia, na kisahani cha shaba chenye tundu, cha kuvaliwa shingoni. Nesi alikifuta kwa pindo la nguo yake. Wembe akanyoosha mkono akisome, kwa mazoea, maana kwa miaka mingi barua za Soli alimsomea yeye. Soli hakumpa. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka sitini, darasa la jioni, kwenye viti vya watoto. Akakisogeza kwenye mwanga, akaweka kidole chini ya herufi.

"Nne. Moja. Saba." Akakigeuza. Hapo alichukua muda. "Kikosi cha pili. Fu. Fundi. Fundi viatu."

Akasoma tena kutoka mwanzo, kuhakikisha hakuruka neno. Kisha akaanza kucheka. Alicheka taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka akatafuta mahali pa kukaa, akakaa ukingoni mwa shimo, akafuta machozi kwa mkono wa shati. Alimwona kijana wa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya mzee, akijivuna kwamba amepata kazi mpya ambayo hakuna mtu ukoo mzima aliyewahi kuifanya. "Mungu anajua kucheka," akasema, na wenzake hawakujua anamwambia nani.

Walimwacha mpaka akamaliza. Waya alirudi kutoka kwenye tangi akasimama nyuma yao, akijifanya alikuwepo.

"Sasa," alisema Wembe, akijaribu kupata tena sauti yake ya benchini. "Tuelewane. Kwa maana hiyo, mzee hakupiga risasi hata moja."

"Inaonekana hakupiga."

"Saluti niliyoahidi ilikuwa ya mwanajeshi. Ya fundi viatu hatukuzungumza."

"Na hao waliopiga risasi," Soli akamuuliza, "walikwenda vitani pekupeku?"

Wembe aliangalia miguu yake mwenyewe, iliyojaa udongo na yenye mwiba mmoja kidole kidogo. Nesi akasema neno moja tu, "Simama," kwa sauti ile iliyowahi kuwaamsha watu kutoka kwenye dawa ya usingizi. Wembe akasimama wima mbele ya mguu wa chuma, akabana visigino, akapiga saluti, na hakuishusha haraka. Aliposhusha mkono akamsogelea Soli akasema, chini kwa chini, kwamba lile neno la jela lilikuwa neno baya. Soli akamwambia limeshamezwa, asilitapike tena.

Lori likapiga honi. Walifukia mashimo kumi na mawili kwa kasi ambayo hawakuwahi kuionyesha kwa mwajiri yeyote, na Nesi akahesabu kila moja. Alipowafungulia lango alimwekea Soli mkono begani. Kile kisahani, akasema, akivae kesho akienda kusali, Mungu naye akione.

Wakavaa viatu vyao, wakashika njia ya kurudi. Soli alibeba mguu wa chuma kifuani, Wembe akabeba kile kichwa cha nyundo kwa mikono miwili, na Waya akatembea katikati na mashine yake begani, mfuniko ukining'inia chini karibu na miguu ya wote watatu. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Kila hatua ikalia. Kushoto ikalia, kulia ikalia, watu wakatoka madukani kuangalia kuna nini. Waya akaona haya, akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Iache," alisema Soli.

Wakaenda hivyo hatua chache, kila mtu kwa mwendo wake na mashine ikilia ovyo. Kisha Wembe, bila kumtazama mtu, akabadilisha mguu mmoja ili visigino vyake vilingane na vya wenzake.

"Kushoto," akasema. "Kushoto, kulia. Waya, inua magoti, kikosi cha pili kinakutazama."